Shajara ya mradi: samaki mkulima na vitalu vyetu vya matumbawe, pwani ya Kwale

Januari, kaskazi

Kazi ya mwaka huu imeanza. Kikundi chetu kina wavuvi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), akina mama wanaolima mwani na vijana wachache waliosomea mambo ya bahari, nacho kimepata kibali cha kutunza vitalu vya matumbawe katika maji ya ndani ya mwamba, pwani ya Kwale, mahali ambapo wakati wa bamvua maji yakipwa mtu huweza kwenda kwa miguu hadi karibu na mwamba wenyewe, na yakijaa bado mpiga mbizi asiye na mtungi wa hewa hufika chini bila taabu. Hatukati vipande kutoka kwenye matumbawe mazima. Tunaokota vile vilivyovunjwa na mawimbi au nanga vikaanguka mchangani, ambavyo vikiachwa hapo hugeuzwageuzwa na maji hadi vikafa, kisha tunavifunga kwenye meza za nondo ili vipone na kukua kabla ya kuhamishiwa mwambani.

Shajara hii haitafuata matumbawe peke yake. Itamfuata pia samaki mmoja mdogo ambaye, kila tunapochagua mahali pa kuweka meza, tunamkuta ametangulia. Jina lake la kisayansi ni Stegastes nigricans, na kwa kuwa kazi yake kubwa ni kutunza shamba la mwani, humu tutamwita samaki mkulima. Mfaransa Lacepède ndiye aliyemwingiza katika vitabu vya sayansi mwaka 1802. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya katikati ya Pasifiki, na upande wa kaskazini hufika visiwa vya Ryukyu vya Japani. Urefu wake hauzidi sentimita 14, na makao yake ni maji mafupi ya kuanzia mita 1 hadi 12, hasa penye matumbawe ya matawi ambayo sehemu yake imekwisha kufa. Rangi yake ni kahawia inayoelekea weusi, magamba yake yana kingo zilizokolea, na mwishoni mwa shina la pezi la mgongoni ana doa jeusi. Asiyemzoea anaweza kumchanganya na jamaa yake Plectroglyphidodon lacrymatus, ambaye naye hutunza mwani katika miamba hii hii, lakini huyo ana vitone vya buluu vinavyong'aa mwilini na ni rahisi kumtambua jua likiwa juu.

Swali la mradi ni moja: je, kipande cha tumbawe kikiwekwa ndani ya shamba la samaki huyu, au mpakani mwake, au mbali naye kabisa, hali yake itakuwaje? Kwa hiyo meza zimegawanywa makusudi katika sehemu hizo tatu. Baadhi ya wenzetu walitaka samaki hawa waondolewe kwanza kwa malema, yaani mitego ya samaki, ndipo tupande. Tumekubaliana jambo hilo lisubiri mpaka tuwe na la kuonyesha.

Januari, mwisho wa mwezi

Nimetumia maji mafu ya wiki hii, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, kumtazama mkulima mmoja tu, kwa sababu naamini kwamba mtu hawezi kusema samaki ana madhara au manufaa kabla ya kumwona akifanya kazi yake kwa muda wa kutosha. Makao yake ni kichaka cha matumbawe ya matawi, aina ya Acropora, ambacho ncha zake bado ziko hai na zina rangi ya samawati iliyofifia, lakini mashina yake yamekufa na kufunikwa na mwani laini wa kahawia nyekundu, mfupi, wenye nyuzi nyembamba zinazolala na kuinuka kwa kufuata mawimbi. Eneo lote analolitawala halifiki meta moja ya mraba. Ukilitazama kutoka juu, mpaka wake unaonekana waziwazi: ndani ni zulia lililo sawasawa, na hatua moja tu nje yake mwamba umetafunwa hadi ukawa mweupe, kwa kuwa samaki walao mwani, yaani pono, tasi na kangaja, hawauachii mwani nafasi ya kurefuka.

Jambo lililonishika zaidi ni palizi. Samaki huyu haumi tu na kumeza. Hukaribia shina, husimama akiinamisha kichwa kidogo kama mtu anayetafuta kitu chini, kisha huuma uzi mmoja mnene uliochomoza katikati ya ule mwembamba, huung'oa kwa kutikisa mwili, na badala ya kuumeza huubeba mdomoni hadi nje ya mpaka, huutema, na kurudi. Alifanya hivyo tena na tena. Kati ya safari moja na nyingine alikula kidogo, akamfukuza tasi mchanga aliyejisahau, akarudi mahali pale pale alipoachia.

Baadaye urchini mdogo mwenye miiba mifupi, wa aina ya Echinometra mathaei ambao miamba yetu iliyovuliwa sana imejaa, alitokeza katika ufa ulio ukingoni mwa shamba. Mkulima alimwendea kwa pembeni, akaushika mwiba mmoja kwa mdomo, akavuta, akauachia, akaushika mwingine, hadi yule urchini akabanduka na kuanguka mchangani. Samaki akabaki juu yake kwa muda, kisha akarudi kwenye zulia lake. Kwa ukubwa wao wawili, hiyo ni kazi nzito.

Hachagui wa kumfukuza bila hesabu. Samaki wanaokula mwani hawaruhusiwi hata kupita, ilhali wale wanaokula wadudu wadogo na samaki wengine mara nyingi aliwaacha wapite. Mimi mwenyewe alinijia usoni mara nilipoweka kidole karibu na zulia, akagonga kioo cha miwani, na nilipotulia nikasikia mlio mfupi mkavu, wa kugongagonga, ambao samaki wa jamii hii huutoa wanapotisha.

Februari

Siku za upepo mkali tumezitumia kusoma, na yaliyoandikwa kumhusu samaki huyu yanastahili kuingia humu kwa sababu yanaeleza tuliyoyaona.

Watafiti wawili wa Japani, Hiroki Hata na Makoto Kato, walichapisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 uchunguzi walioufanya katika miamba ya Okinawa. Walikuta kwamba mashamba ya samaki huyu huko karibu yote yana mwani wa aina moja tu, mwekundu, wa jenasi ya Polysiphonia, na kwamba hali hiyo inatokana na palizi: samaki anang'oa mwani mgumu ambao tumbo lake haliwezi kuusaga, na kuuacha ule laini. Sababu iko katika maumbile yake. Pono ana mifupa ya kooni inayosaga kila anachokiuma pamoja na jiwe lenyewe, lakini mkulima hana kiungo cha kusagia wala vimeng'enya vya kuvunja selulosi, kwa hiyo chakula kisichokuwa laini hakimfai hata kikiwa kingi namna gani. Walipowaondoa samaki kwa majaribio, mwani ule ulitafunwa upesi na samaki wengine, na mahali pake pakaota mwani wa aina nyingine. Mwaka 2006 walieleza kwamba pande zote mbili zinategemeana: samaki anautegemea mwani huo kwa chakula, na mwani wenyewe, kwa kadiri walivyochunguza, hawakuuona ukistawi nje ya mashamba yake.

Kwetu sisi utafiti wao wa mwaka 2010 una uzito zaidi, kwa kuwa walizunguka kuanzia Misri, Kenya, Morisi na Maldivi hadi Australia, wakichunguza mashamba ya samaki wa jamii hii mahali hadi mahali. Waliona kwamba ukulima si wa namna moja kila mahali. Mwani unaotunzwa hutofautiana kwa eneo, na kuna wanaopalilia kwa bidii hadi ibaki aina moja na kuna wanaolinda tu mchanganyiko bila kuuchagua sana. Ndiyo maana sikubali kuyachukua matokeo ya Okinawa na kuyabandika Kwale. Tukitaka kujua mkulima wa hapa anafanya nini, hapana budi kumtazama hapa.

Nitaongeza moja ambalo halituhusu moja kwa moja, lakini linaonyesha jinsi samaki hawa wanavyoweza kushangaza. Mwishoni mwa mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi Belize, katika Karibi, walieleza kwamba jamaa yake mmoja, Stegastes diencaeus, anaishi pamoja na makundi ya vijidudu wa jamii ya kamba wanaoelea juu ya shamba lake. Samaki anawakinga dhidi ya maadui, na kinyesi chao kinaurutubisha mwani wake.

Machi

Maji yana joto. Ngozi inalisikia hata alfajiri, na huu ndio wakati wa mwaka ambao kila anayefanya kazi na matumbawe pwani hii huwa na wasiwasi. Wazee wa kikundi wanaukumbuka mwaka 1998, wakati joto la El Niño lilipopausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi ya magharibi, yetu yakiwamo, na vijana wanaukumbuka mwaka 2024, wakati shirika la Marekani la NOAA lilipotangaza kupauka kwa matumbawe duniani kwa mara ya nne.

Ninaliandika hili kwa sababu historia ya samaki mkulima imefungamana nalo. Mwani hauoti juu ya tumbawe lililo hai, kwa kuwa tumbawe hujilinda. Huota juu ya mifupa yake. Kila tawi lililokufa na kubaki limesimama ni ardhi mpya ya kulima, yenye mapango ya kujificha papo hapo. Mtu anayelalamika kwamba wakulima wamezidi mwambani anapaswa kwanza kuuliza nani aliwapa nafasi, na jibu lake haliko kwa samaki.

Baadhi ya vipande mezani vimefifia rangi kidogo. Tumefunika meza za maji mafupi zaidi kwa nyavu kuukuu za kivuli na tunaendelea kuangalia.

Aprili na Mei, masika

Mito imeleta matope, maji yamekuwa ya kahawia, na kusi imeanza kusukuma. Hakuna cha kuona. Tulichoweza kufanya ni kuhakikisha meza hazijang'oka, na hazikung'oka.

Juni

Maji yamesafika kiasi cha kuona meza moja ukiwa juu ya nyingine, na vipande vya mwezi Machi vimerudisha rangi, jambo ambalo limewafurahisha wote. Sasa tofauti kati ya sehemu tatu inaanza kuonekana.

Katika meza zilizo mbali, kwenye mchanga mtupu, vipande ni visafi. Hakuna mwani unaovizonga, kwa kuwa tasi na kangaja hupita kila siku. Lakini vingi vina makovu: ncha zimeumwa, na chini ya matawi tumekuta konokono wadogo wa jenasi ya Drupella wakiwa wamekaa kwa makundi, na nyuma yao njia nyeupe ya mfupa mtupu walikokwisha kula nyama ya tumbawe. Konokono hao tunawaokota kwa mkono.

Katika meza zilizo ndani ya mashamba, hali ni kinyume chake. Hapana alama za kuumwa, na konokono ni wachache mno. Hata hivyo, nondo zote zimevaa zulia, na zulia hilo linapanda kutoka kwenye nondo hadi kwenye shina la kipande, likinasa mchanga na vumbi la matope. Vipande vya matawi membamba vinavyokimbilia juu vimeponea kwa kuwa ncha zake zimekwisha kuuacha mwani chini. Vipande vifupi vya umbo la bonge vinazidiwa. Kimoja kimezingirwa mpaka juu, na nilipofunua mwani kwa kidole nikakuta chini yake ngozi ya tumbawe imekufa na kuacha pete ya kijivu.

Mpakani, umbali wa kama mkono mmoja kutoka ukingo wa zulia, ndiko kunakotupa matumaini. Mkulima anafika hapo kumfukuza mgeni, ila hafiki kupanda.

Julai

Mwanzoni mwa mwezi niliona shamba likivamiwa. Kundi la kangaja wenye mistari myeusi ya wima, Acanthurus triostegus, lilikuja kutoka upande wa mlango wa mwamba, wengi kiasi cha kuziba mwanga. Kangaja mmoja hawezi kukanyaga shamba la mkulima hata kidogo, kwa kuwa hufukuzwa akiwa bado mbali. Lakini hawa waliteremka wote kwa pamoja. Mkulima alimrukia mmoja, na wakati anamfukuza huyo, kumi walikuwa wameinamisha vichwa na wanakula. Akageuka kwa wengine, na wa kwanza akarudi. Haikuchukua muda mrefu kundi likainuka na kuhamia kichaka kingine, na zulia likabaki na viraka.

Mkulima hakukaa. Alianza kuokota uchafu ulioachwa, akaubeba nje, akarudi kwenye sehemu iliyosalia. Wiki chache baadaye viraka vilikuwa vimeziba.

Ukweli ni kwamba tukio hili limenipa swali ambalo nadhani ni zito kuliko yote tuliyokwisha kuandika. Mwamba wenye kangaja wengi, tasi wengi na pono wengi hauhitaji mtu wa kumzuia mkulima asipanuke, kwa kuwa wao wenyewe hulitafuna shamba lake na kulipunguza. Mwamba uliobaki na samaki wa mwani wachache unamwachia mkulima aweke mpaka wake popote anapotaka.

Agosti

Kikao cha kikundi chini ya banda la BMU. Pendekezo la malema limerudi, safari hii kwa nguvu, kwa kuwa walioona meza za ndani ya mashamba wameona bonge lililokufa. Kijana mmoja alisema kwa uchungu kwamba tunafuga adui, na kwamba siku mbili za malema zingetosha kuusafisha mwamba wote. Mzee aliyekuwa amekaa pembeni, mvuvi wa siku nyingi, alimjibu kwa upole:

"Mwanangu, samaki huyu hakuja juzi. Sisi tulimkuta, na alikuwa na shamba lake, ila alikuwa na wa kumwogopa. Zamani kila ufa ulikuwa na chewa wake. Wewe umeona chewa wangapi mwaka huu?"

"Mzee, nimeona mmoja, naye mdogo."

"Basi kabla hujamtoa huyu, nirudishie wale."

Alichokisema ndicho kinachofahamika kuhusu miamba ya pwani hii kwa jumla. Uvuvi ukiwaondoa samaki wanaokula wengine, wadogo waliokuwa wakiliwa huongezeka. Timothy McClanahan, ambaye ameichunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, alionyesha hivyo kwa urchini: mahali kikande, samaki walao urchini, walipovuliwa hadi wakaadimika, urchini walijaa na kuutafuna mwamba, na katika hifadhi zilizofungwa kwa muda mrefu, kama Malindi na Watamu ambazo zilitengwa mwaka 1968, urchini walibaki wachache. Naliona jambo la mkulima kuwa la jamii hiyo hiyo, ingawa yeye ana tofauti moja kubwa, kwamba naye huwatoa urchini katika eneo lake. Ukimwondoa katika mwamba wenye urchini wengi, unawafungulia mlango.

Palikuwa na hoja nyingine ambayo niliwasomea kutoka Moorea, kisiwa cha Polinesia ya Ufaransa. Watafiti wa huko walilinganisha matumbawe yaliyo ndani na nje ya mashamba ya samaki huyu huyu, wakaona kwamba matumbawe dhaifu ya matawi, ambayo huliwa sana na samaki wengine, yaliishi vizuri zaidi chini ya ulinzi wake. Yaani kinachoonekana kwenye meza zetu hakikuanzia kwetu. Haki inanidai kuusema na upande wa pili pia: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka Lizard Island, Australia, ulikuta kwamba mashamba ya samaki wa jenasi hii yana vijidudu vingi vinavyohusishwa na maradhi ya matumbawe, na kwamba ugonjwa wa ukanda mweusi ulionekana zaidi ndani yake. Hatujauona ugonjwa huo kwenye vipande vyetu, lakini tangu kikao kile kila anayekagua meza anatakiwa kutafuta mstari mweusi unaotenganisha ngozi hai na mfupa mweupe, na akiuona kipande kitolewe majini siku hiyo hiyo.

Kikao kiliamua: hakuna malema kwa samaki mkulima. Kijana aliyetoa pendekezo ndiye tuliyemwomba asimamie kipimo cha mipaka, naye amekubali.

Septemba

Kupima mpaka wa shamba kunahitaji subira zaidi ya vifaa. Utaratibu wa kijana wetu ni huu: anaweka kamba yenye mafundo kuanzia katikati ya zulia kwenda nje, anarudi nyuma, anasubiri samaki atulie, kisha anaandika kwenye kibao cha plastiki mahali mwani unapoisha na mahali samaki anapogeuka baada ya kufukuza. Sehemu hizo mbili si sawa. Mwani unaisha mapema. Samaki hufukuza hadi mbele zaidi, na mahali anapogeuka ndipo mwisho wa himaya yake ya kweli. Kati ya mistari hiyo miwili kuna ukanda mwembamba uliolindwa lakini haukulimwa, na ndimo vipande vyetu vya mpakani vilimo.

Katika ukanda huo mashina ni safi, ncha zimerefuka, na makovu ya kuumwa ni machache kuliko mchangani. Vipande vya umbo la bonge, ambavyo ndani ya shamba vilizongwa, hapa vinapumua. Nimevitazama kwa karibu kimoja kimoja, nikavifuatisha na picha za Juni, na sina shaka tena na mwelekeo huu.

Oktoba, matlai

Bahari imelala, na maji ni maangavu kuliko wakati wowote wa mwaka. Madume yanatunza mayai. Katika kichaka nilichoanza nacho mwezi Januari, mkulima amesafisha sehemu ya shina upande wa chini, pasipofikiwa na jua, akaondoa mwani wote, na hapo yamebandikwa mayai kwa safu, madogo mno, yakiwa na kitu cheusi ndani ambacho kwa lenzi kinaonekana kuwa ni macho. Dume halitoki. Hupitisha maji juu ya mayai kwa mapezi ya kifuani, huuma moja na kulitupa likiharibika, na hasira yake kwa wapitao imezidi maradufu. Meza moja ya jirani tumeiacha bila kukaguliwa mpaka mayai yatakapoanguliwa, kwa sababu kila tulipoikaribia alitoka kutufukuza, na dume akiwa nje samaki wengine waliokuwa wakivizia walijongea mayai.

Makinda yakishaanguliwa huchukuliwa na mkondo hadi maji ya wazi, hukulia huko kwa muda, ndipo yanayosalimika hurudi kutafuta mwamba wa kukaa. Hayatakaa hapa lazima. Wakulima wa Kwale wa mwaka kesho huenda wameanguliwa mahali pengine kabisa, na hawa wetu wakaishia miamba mingine.

Novemba

Uamuzi wa mwaka umekwisha kuandikwa na kusomwa mbele ya kikundi, nao ni huu. Meza zote za ndani ya mashamba zitahamishwa kabla kaskazi haijakaza, isipokuwa mbili zenye matawi marefu ambazo zinaendelea vizuri na zinatufaa kwa kulinganisha. Meza mpya zitawekwa katika ule ukanda wa kati ya mwani na mgeuko wa samaki, kwa kipimo cha kamba na si kwa macho. Meza za mchangani zitabaki, ila nyingine hazitaongezwa mpaka tupate watu wa kutosha wa kuokota konokono. Vipande vya umbo la bonge havitawekwa tena karibu na zulia kwa umbali usiofika mkono mmoja.

Kuhusu samaki wenyewe, BMU imekubali kwamba sehemu yenye vitalu iwe tengefu, isivuliwe kwa malema, juya wala mkuki, na mipaka yake iwekwe maboya. Mfano tuliouangalia ni Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, ambako wanakijiji walianza kufunga sehemu ya bahari yao mwaka 2005 na wamedumu nayo. Tunachokitaka ni tasi, kangaja na pono warudi kwa wingi wa kulitafuna shamba la mkulima linapozidi, na chewa warudi wa kumla mkulima mwenyewe. Hilo halitatimia msimu ujao. Chewa hukua polepole, na tengefu linahitaji miaka.

Mwaka ujao tutafuata mambo matatu: kama mpaka wa mashamba unasogea tasi na kangaja wakiongezeka, kama vipande vya ukanda wa kati vinastahimili joto la Machi sawa na vile vya mchangani, na kama mkulima huigeuza meza mpya kuwa shamba pindi mmoja wa majirani zake anapotoweka. La tatu limeanza kujionyesha. Katika kichaka cha upande wa kusini mkulima mmoja hayupo tena, na tayari jirani yake ameanza kutema mwani mgumu mahali palipokuwa mpaka wao.

Kazi ya kwanza ni kuhamisha meza tatu za upande wa mlango wa mwamba, maji mafu yajayo. Nondo na kamba zimekwisha kutayarishwa, na akina mama watatupatia mtumbwi baada ya kuvuna mwani wao.